Vijana wa kadi, Langoni: nimempeleka mwanangu wiki tano za likizo, haya ndio niliyoyaona

Assalam alaykum jamaa, watu wameniuliza sana kuhusu lile darasa la kusoma la likizo pale mtaa wa Langoni hapa Lamu, wengine wanauliza kama ni tuisheni, wengine wanauliza kama kuna pesa inaliwa, nikaona bora niandike mara moja kila mtu asome. Nawapa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoibakisha ntaeleza kwa nini, na sababu ziko mbili.

Kwanza mimi ni nani. Nauza bajia na mahamri, na mwaka wa pili huu niko kwenye bodi ya shule upande wa wazazi, ile BOM, kwa hivyo karatasi za shule nazisoma, hesabu zikisomwa niko hapo, ile shilingi 1,420 ya serikali kwa kila mtoto wa msingi kwa mwaka naijua ilivyo kidogo na inavyochelewa. Na pamoja na kukaa kwenye vikao vyote hivyo mwanangu alifika gredi ya 4 hajui kusoma na mimi sikujua. Ripoti yake ya muhula ilikuwa ME kwenye Kiswahili, yani amefikia matarajio, nikaikunja nikaiweka kwenye kabati pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, nikashukuru Mungu.

Sasa hawa vijana, wengi wanawaita vijana wa kadi kwa sababu hawana bango wala ofisi, wanapita na kadi ya kupimia kusoma nyumba kwa nyumba kabla ya likizo ya mwisho wa mwaka. Kwetu walikuja baada ya Alasiri, msichana mmoja na kijana mmoja, wakampa shikamoo mama mkwe wangu, wakaomba ruhusa, wakakaa pale dakani, kile kibaraza cha mlangoni, ndani hawakuingia. Kadi yenyewe ni karatasi moja imetiwa plastiki. Juu kuna silabi, chini yake maneno kumi, halafu aya ya sentensi fupi fupi, na upande wa pili hadithi ya kiwango cha darasa la 2. Mtoto haulizwi yuko gredi gani mpaka amalize.

Walimwanzisha kwenye aya. Sentensi ya kwanza ilikuwa "Baba ana mashua", akaisoma moja kwa moja, roho yangu ikatulia. Ya pili ilikuwa "Mashua yake ni kubwa", yeye akasema mashua yake ni mpya. Yule msichana hakusema kitu, akaweka kidole chini ya lile neno akangoja. Mwanangu akaangalia kidole, akaniangalia mimi, akaangalia kidole tena, akasema "nzuri". Hapo ndio nikajua. Mtoto alikuwa habahatishi ovyo, alikuwa anabuni, na anabuni vizuri kwa sababu mashua anazijua tangu yuko mgongoni, anajua mashua husemwaje, kwa hivyo darasani sentensi ya kwanza anaisikia kwa wenzake, ya pili anaitunga, mwalimu ana watoto zaidi ya sitini mbele yake, atamjuaje. Mimi nalala nae nyumba moja sikumjua.

Wakamrudisha kwenye maneno. Sheria yao ni mtoto achague maneno matano mwenyewe, akipata manne amepita. Hapa pakatokea jambo ambalo lazima nilisimulie vizuri. Neno moja lilikuwa "njia", mwanangu akalitazama akasema "ndia". Yule kijana, ambaye si wa hapa kisiwani, akaweka alama ya kosa. Mama mkwe alikuwa kimya muda wote, akamwambia "mwanangu, ndoo hapa (yani njoo), hiyo ni ndia, amesoma sawasawa". Kijana akajibu kwa adabu kwamba bibi, kilichoandikwa ni njia. Bibi akamuuliza, kwani hiyo ndia inaenda wapi na njia inaenda wapi? Na hilo si jambo dogo jamaa, kwa sababu mwanangu alikuwa amepata matatu mengine, kwa hivyo neno hilo moja ndilo lililokuwa linaamua kama anawekwa kundi la maneno au anateremshwa kwenye silabi. Mtoto hawezi kubuni "ndia" kutoka hewani, ameona n, ameona j, ameona i na a, amepata maana, mdomo wake ukatoa neno kwa Kiamu, lahaja yetu ya hapa Lamu, kama alivyofundishwa na bibi yake. Huko ndio kusoma.

Yule msichana akapiga simu kwa mwenzao mkubwa, wakazungumza, halafu akakata ile alama mbele yetu, akaandika pembeni kwa nini imebadilishwa na akatia sahihi. Kesho yake niliskia wameandika sheria mpya kwa wote wanaopima: mtoto akitamka neno lilelile kwa lahaja ya nyumbani limehesabiwa, akitaja neno lingine kabisa, kama kubwa likawa nzuri, halihesabiwi. Mimi nyota mbili za kwanza niliwapa pale pale dakani. Kila mahali nilipowahi kuona mtoto anapimwa, kipimo ndio bwana na mtoto ndio mwenye makosa, hii ndio mara ya kwanza naona mtu anakubali kwamba kipimo chenyewe kinaweza kukosea na anakirekebisha mwenye mtoto akiwa anatazama.

Hesabu pia walimpima. Walimpa 52 kutoa 17 akaandika 45, kwa sababu kila safu anatoa kidogo kwenye kikubwa, 7 toa 2, basi. Na huyu huyu asubuhi ananisaidia kuuza, ukimpa noti ya hamsini kwa bajia za thelathini na tano anakurudishia kumi na tano hujamaliza kufunga mfuko. Walipoambiwa hivyo hawakupuuza, waliandika kwenye daftari lake, na baadae walimfundisha kukopa kwa kutumia sarafu zangu za dukani, akaelewa siku hiyo hiyo.

Niliwauliza hii kadi wameitoa wapi. Wakasema si uvumbuzi wao, mtindo huu ulianza India mwaka 2005, unaitwa ASER, hapa Kenya ukaja na mradi wa Uwezo mwaka 2009, watoto wa miaka 6 mpaka 16 wanapimwa nyumbani si shuleni, wote na kitu kimoja cha darasa la 2. Kwanini nyumbani? Kwa sababu shuleni utampata aliyekuja siku hiyo peke yake, nyumbani utampata pia aliyeacha shule na aliyeenda baharini. Nikawaambia basi hao wa Uwezo walipima miaka na miaka, mbona sisi bado tuko hapa? Mmoja wao amesomea ualimu chuo kikuu huko Kilifi, akaniambia kitu ambacho bado kinanikaa kichwani. Kuna watafiti walifuatilia wazazi wa vijijini hapa hapa Kenya walioambiwa matokeo ya watoto wao baada ya kupimwa na Uwezo, wakapewa na karatasi za nini wafanye, utafiti ulichapishwa 2014, wakawalinganisha na wazazi wasioambiwa. Tofauti haikuonekana. Waliojua na wasiojua walifanya yale yale.

Niliudhika kidogo kwanza, nilihisi kama wanatusema wazazi. Halafu nikajitazama. Mimi nimeambiwa leo mwanangu yuko kwenye maneno, sawa, kesho asubuhi nafanya nini? Namfundisha vipi mtu kusoma? Mimi niliwahi kufundishwa kusoma, sikuwahi kufundishwa kufundisha, na saa kumi usiku niko jikoni naumua unga. Kumpa mzazi habari bila kumpa kazi anayoweza kuifanya ni kumpa huzuni tu. Huyo wa Kilifi akaniambia ndio maana wao wanapima siku moja na kufundisha wiki tano, na hilo pia lilijaribiwa India kwenye wilaya ya Jaunpur: vijiji walivyofanyiwa mikutano na kuonyeshwa matokeo havikubadilika, vijiji ambavyo vijana wa kujitolea walifunzwa wakafungua madarasa ya kusoma, watoto waliohudhuria walisogea.

Basi darasa lenyewe. Saa moja na nusu kwa siku, siku tano kwa wiki. Wanapangwa kwa kiwango si kwa gredi, mwanangu wa gredi ya 4 alikaa mkeka mmoja na watoto wa gredi ya 3 na mmoja wa gredi ya 6. Siku tatu za kwanza alikuwa anarudi amenuna, anasema amewekwa na watoto. Siku ya nne akarudi anaimba silabi. Wanachofanya si ajabu sana ukitazama, mwalimu anasoma hadithi fupi kwa sauti, kidole kinatembea chini ya maneno, halafu watoto wanasoma pamoja, halafu wawili wawili, halafu mmoja mmoja, wanachora herufi chini kwa chaki, wanaunganisha vikaratasi vya silabi kutunga maneno yao wenyewe, na kila mtoto kila siku anasikilizwa peke yake angalau mara moja. Hilo la mwisho ndilo naona lilimfaa mwanangu. Kule kubuni kwake hakukuwa na pa kujificha, yule msichana akiskia neno limebadilishwa anaweka kidole anangoja, hakemei, anangoja tu, mpaka mtoto mwenyewe arudi alitazame neno.

Baada ya wiki tano amepimwa tena na kadi nyingine, sio ile ile, niliuliza. Aya ameisoma na makosa mawili. Hadithi bado. Sitaki kumdanganya mtu aseme mtoto ataingia hajui na atoke anasoma gazeti, wangu ametoka ngazi moja kwenda nyingine, na kwangu mimi hiyo ngazi ni kubwa kuliko muhula mzima uliopita.

Siku ya mwisho wakaita baraza baada ya Alasiri. Karatasi kubwa ukutani, hakuna jina la mtoto hata moja, ni walioanza wangapi kila ngazi na waliomaliza wangapi. Kundi la mwanangu walikuwa 12, watatu walibaki palepale walipoanza. Na hilo walilitaja wenyewe mwanzo kabisa, kabla ya kutaja waliosogea. Mzee mmoja akauliza kwa nini hao watatu. Wakasema wawili walikosa siku nyingi, wanaenda kuvua na baba zao, na huyo wa tatu alikuja kila siku na wao hawajui kwa nini, wamemshauri mamake ampeleke akapimwe macho. "Hatujui." Mimi nimekaa kwenye vikao vya shule miaka miwili sijawahi kuskia mtu aliyesimama mbele akitamka neno hilo.

Kwenye baraza hilo mzazi mmoja kwa nia njema kabisa alipendekeza tuchange, kila mtoto akifika hadithi mwalimu wake apewe kitu. Watu wakapiga makofi. Wao wakakataa. Yule wa Kilifi akaeleza kwamba hiyo ilijaribiwa hapa Kenya, Busia na Teso, miaka ya mwisho ya tisini, walimu wa shule za msingi waliahidiwa zawadi kama alama za mtihani zikipanda. Alama za mtihani ule zilipanda, lakini walimu hawakufika shuleni zaidi kuliko zamani, kilichoongezeka ni vipindi vya kujiandaa na mtihani, na mpango ulipokwisha faida ile haikubaki. Akasema mkitulipa kwa kadi tutawafundisha watoto kadi. Maneno hayo yalinyamazisha baraza zima.

Na yalinifanya nifikirie ile ME. Mimi sina ugomvi na mwalimu wa mwanangu, nilimpelekea kadi shuleni, tukakaa chini ya mti, akaiangalia akasema mama nanihii, ntakwambia ukweli, wako wengi na mimi natakiwa nijaze alama kwenye mtandao kabla ya tarehe fulani. Tangu KCPE, ule mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, iishe mwaka 2023 alama za darasani zimekuwa na uzito, mtoto wa gredi ya 9 matokeo yake ni KJSEA, mtihani wa gredi hiyo, asilimia 60, mtihani wa KPSEA wa gredi ya 6 asilimia 20, na kazi za darasani za gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20. Yani mwalimu anayefundisha ndio huyo huyo anayepima na ndio huyo huyo anayeulizwa kwa nini watoto wake hawajafikia matarajio. Mwalimu gani atajaza chini ya matarajio kwa nusu ya darasa halafu aitwe ofisini? Mimi ningekuwa yeye pia kalamu ingekuwa nzito. Sitaki wala siombi walimu wakemewe zaidi. Ninachotaka ni mtu mwingine asiye na cha kupoteza amskilize mtoto akisoma dakika tano, na jibu lije kwa mwalimu na kwangu siku hiyo hiyo. Mwalimu kadi aliichukua akaenda kuitoa kopi, hilo nimlipe haki yake.

Kuna jambo lingine linalonifanya niwapende hawa vijana na si la kusoma. Sisi hapa Lamu tumepimwa sana. Mwaka juzi walikuja watafiti wa chuo kikuu kimoja, dodoso kurasa kumi na nne, wanauliza idadi ya vitabu ndani ya nyumba, choo ni cha aina gani, baba alisoma mpaka wapi, mimi niliacha biashara yangu asubuhi nzima nikawajibu. Waliondoka na boti ya mwisho ya kwenda Mokowe, kule bara, na mpaka leo sijaskia neno. Baadae kwenye bodi nikajifunza kwamba mtafiti akipewa leseni ya NACOSTI, ile tume ya serikali inayoruhusu utafiti, moja ya masharti ni kupeleka nakala ya ripoti ya mwisho huko kwao. Kwa hivyo pengine ripoti ipo, imefika Nairobi, iko kwenye mtandao wa watu, ndani yake nimo mimi na choo changu na mwanangu, lakini Langoni haijarudi. Kwa karatasi hao wamewajibika kabisa. Kwangu mimi bado wana deni.

Sasa ile nyota niliyoibakisha.

Sababu ya kwanza ni picha. Siku ya kwanza ya darasa mmoja wao alipiga picha watoto wakiwa kwenye mkeka, na kadi zao zinaonekana, akaiweka kwenye status kabla hajauliza mtu. Mtoto wa gredi ya 6 anaonekana ameshika kadi ya silabi, mtaa mzima umeona. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inasema habari za mtoto hazichakatwi bila idhini ya mzazi au mlezi, na hata bila sheria, hiyo ni aibu ya mtoto umeitangaza. Tulilalamika wakaitoa siku hiyo, wakaomba radhi, wakaja na fomu ya idhini, lakini fomu yenyewe ilikuwa Kiingereza kitupu, akina mama wawili nawajua walitia sahihi bila kujua wanatia nini. Watu wanaofundisha kusoma Kiswahili wanawezaje kuleta fomu ya Kiingereza? Nimewaambia ana kwa ana na naandika tena hapa kwa sababu nataka waibadilishe.

Ya pili ni saa. Walipanga saa mbili asubuhi, wakati watoto wetu wako chuoni kwa maalim, yani madrasa, na mtu yeyote wa hapa angewaambia wakiuliza. Wiki ya kwanza wasichana wengi hawakuja kabisa kwa sababu mzazi akiambiwa achague kati ya Qur'an na kadi, jibu unalijua. Walienda kuzungumza na maalim wawili wakasogeza mpaka saa tano, ila waliopotea wiki ile wengine hawakurudi tena. Wangeenda kwa maalim kwanza, kisha ndio wapange.

Mengine ni madogo. Kiingereza hawafundishi, ni Kiswahili na hesabu tu, kama unataka Kiingereza tafuta kwengine. Ada ni shilingi 200 ya daftari na kopi kwa likizo nzima, risiti wanaandika kwa mkono na wanakupa, na wasio nayo niliona wamepokewa bila maswali. Joto la kaskazi mle ndani mchana ni kali, mpe mtoto maji.

Likizo ya Aprili wamesema wanaanza tena. Kwa wanaotoka mtaa wa Mkomani ni mwendo kidogo lakini watoto wanakuja kwa makundi. Ukienda kuandikisha nenda jioni, mpeleke mtoto mwenyewe, na mchukulie daftari lake la shule, wanapenda kulitazama kabla ya kutoa kadi. Na kama mtoto wako anasema ndia, tulia, sasa wanajua.